Asilimia Moja ya Nani?

Kuna maneno yanayosemwa sana siku hizi kuhusu ugonjwa wa moyo. Hapa Soy, magharibi mwa Kenya, nimeyasikia kwenye harambee, kwenye matatu za Eldoret, na hata vinywani mwa wahudumu wa afya ambao wangepaswa kuyapima kabla ya kuyatamka. Yanasema hivi: zamani mtu akiharibikiwa na vali ya moyo alipasuliwa kifua, mfupa ukakatwa kwa msumeno, moyo ukasimamishwa. Sasa mambo yamekuwa mepesi. Daktari anapitisha mrija kwenye mshipa wa paja, vali mpya ikiwa imekunjwa ndani yake. Inafika moyoni, inafunguka, na mgonjwa anarudi nyumbani baada ya siku chache. Madhara? Yapo, lakini ni nadra: asilimia moja hapa, nusu asilimia pale. Kwa hiyo kinachotakiwa ni pesa tu. Tuchange, mgonjwa apelekwe Nairobi au India, au serikali ituletee mtambo huo Eldoret na shida iishe.

Nayapinga maneno hayo. Nitaanza kwa kukubali lililo kweli ndani yake, nisije nikaambiwa napigana na kivuli. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari wa moyo Alain Cribier alimwekea mgonjwa vali ya aota, ile iliyo mlangoni mwa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kwa njia ya mrija, mara ya kwanza duniani. Mgonjwa alikuwa na miaka 57, moyo wake umeishiwa nguvu, na madaktari wa upasuaji walikuwa wamekataa kumgusa. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa PARTNER, uliofanywa zaidi Marekani, kwa wagonjwa wasioweza kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, karibu asilimia 51 ya waliotibiwa kwa njia za kawaida walikuwa wamefariki. Kwa waliowekewa vali ya mrija ilikuwa karibu asilimia 31. Ni tofauti ya watu ishirini katika kila mia, na ni tiba chache za moyo zilizowahi kufikia hapo. Mwaka 2019 tafiti mbili nyingine zikaonyesha kwamba hata wagonjwa ambao wangeweza kupasuliwa bila hatari kubwa hawapati hasara kwa kuchagua mrija. Mzee wa miaka 80, vali imejaa chokaa, anazimia akipanda kilima kidogo, akiweza kuipata vali hiyo pamoja na uangalizi wake, mimi siwezi kumzuia na sitaki kumzuia.

Kosa linaanzia pale hesabu ya madhara inapong'olewa mahali ilipofanyiwa na kupandikizwa Soy. Ile asilimia moja ilihesabiwa katika hospitali ambazo mgonjwa analazwa chini ya mashine inayosoma mapigo usiku na mchana, ambazo daktari wa upasuaji wa moyo yuko tayari chumba cha pili, na ambazo mgonjwa akirudi nyumbani ana nambari ya kupiga na gari la wagonjwa linalofika. Mtu atanijibu kwamba idadi ya wanaopata matatizo ni ile ile popote, maana mwili ni mwili. Kwa baadhi ya matatizo ni kweli. Lakini familia inayouza ng'ombe haitaki kujua ni wangapi walipata tatizo. Inataka kujua ni wangapi walikufa kwalo, na idadi hiyo haitoki kwenye vali peke yake. Inatoka kwenye vali pamoja na wale watu wote wanaoizunguka. Ukiwaondoa watu hao, huna tena haki ya kuitaja asilimia yao.

Tazama umeme wa moyo. Moyo hupiga kwa umeme unaozaliwa sehemu ya juu upande wa kulia, ukateremka hadi kituo kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini, kisha ukapita kwenye kifungu chembamba cha nyuzi ili kuamsha vyumba vya chini. Kifungu hicho kinapita milimita chache tu chini ya vali ya aota. Vali ya mrija haishonwi kama ile ya upasuaji. Inajishikilia mahali pake kwa kubana kuta. Fremu yake ya chuma ikikandamiza zile nyuzi, umeme unakatika, na moyo unapiga polepole mno au unasimama. Katika tafiti za mwaka 2019, kwa vali inayofunguliwa kwa puto, wagonjwa kati ya sita na saba katika mia walihitaji kuwekewa betri ya moyo ndani ya siku 30. Kwa ile inayojifungua yenyewe walikuwa karibu 17 katika mia. Hayo siyo madhara adimu hata kidogo. Lililo adimu ni umeme kukatika baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, kwa sababu uvimbe umeongezeka au fremu imezidi kutanuka.

Sasa mgonjwa huyo mrudishe Kipsomba, hapa Soy. Siku ya nane anaanguka shambani, kwenye mistari ya mahindi, anazinduka baada ya nusu dakika. Atakayemwona kwanza atasema ni kifafa. Mwingine atasema presha imeshuka, apewe chai ya sukari. Ili ijulikane kwamba ni umeme wa moyo, lazima mtu amfanyie kipimo cha umeme huo siku hiyo hiyo, na mwingine awepo wa kukisoma. Kisha lazima afikishwe panapowekwa betri kabla hajaanguka mara ya pili. Toka Kipsomba ni bodaboda kwanza, na kama mvua imenyesha ni bodaboda kwenye matope. Kisha barabara ya Kitale, kisha foleni ya kuingia Eldoret. Mgonjwa wa Rouen au wa New York anapata tatizo lile lile, anawekewa betri jioni, anaandikwa kwenye takwimu kuwa alipata tatizo akapona. Wa Kipsomba hataandikwa popote. Atazikwa, na watu watasema moyo ulikuwa umechoka.

Lakini linaloniogopesha zaidi ni homa. Vali yoyote ya kuwekwa, ya mrija au ya upasuaji, inaweza kushikwa na vijidudu vinavyosafiri ndani ya damu, vikajenga makazi juu yake na kuila. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 20,000 waliowekewa vali za mrija katika vituo 47 vya Ulaya na Amerika. Waliopata maambukizi hayo walikuwa 250, kama mtu mmoja katika kila mia kwa mwaka. Ndiyo ile asilimia moja inayotajwa kwa sauti ya kutuliza. Katika hao 250, asilimia 36 walikufa wakiwa bado hospitalini. Kumbuka ni hospitali zile: zenye maabara, mashine ya eko ya kupiga picha ya moyo, dawa kali za mshipani kwa wiki kadhaa, na wapasuaji. Jambo lingine ambalo halitajwi ni kwamba nusu yao waliugua baada ya zaidi ya miezi mitano, wakati ambapo harambee imeshasahaulika na kadi ya kliniki imeshakunjwa kwenye begi.

Homa kwa sisi wa Soy ina majina mawili, malaria na taifodi. Mtu akishikwa na homa ya jioni, anatoka jasho usiku, anapungua mwili, anakwenda kwenye kemisti. Anatobolewa kidole, anaambiwa ni taifodi, kwa kipimo ambacho husema ndiyo hata pale ugonjwa haupo. Anapewa vidonge vya siku tano. Homa inashuka wiki moja, inarudi. Anapewa vingine. Hapo ndipo pana mtego ambao kila mhudumu anayetibu homa hapa angepaswa kuujua: vidonge hivyo vya nusunusu haviwezi kuua vijidudu vilivyojificha kwenye vali, lakini vinatosha kuvizuia visiote maabara. Mgonjwa akifika hospitali kubwa baada ya mwezi, damu yake inaoteshwa na hakuna kinachoota. Daktari anabaki kubahatisha dawa huku vali inalika. Mtu huyo hakuuawa na tatizo adimu la kitaalamu. Ameuawa na kitu cha kawaida kabisa, homa kutibiwa bila kuuliza mgonjwa ana nini kifuani. Swali moja tu lingebadilisha njia yote: una vali ya kuwekwa? Na jibu likiwa ndiyo, damu ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Kuna madhara mengine nitayapita haraka, kwa sababu hayo hutokea mezani na hayamfuati mgonjwa nyumbani. Mdomo wa aota unaweza kupasuka vali inapotanuliwa. Vali inaweza kuchomoka ikaelea kwenye mshipa. Jani la vali ya zamani linaweza kusukumwa likaziba mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Hili hutokea kwa pungufu ya mtu mmoja katika mia, wengi wao wanawake, na katika hesabu iliyochapishwa mwaka 2013 wanne katika kumi kati ya waliopatwa nalo walikufa ndani ya mwezi. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya inataka kazi hii ifanyike palipo na upasuaji wa moyo katika hospitali ile ile. Anayedai mtambo wa mrija uletwe Eldoret anadai kwanza, ajue asijue, chumba cha upasuaji wa moyo kinachofanya kazi kila siku, chenye mashine ya kupumzisha moyo na mapafu, benki ya damu na wauguzi wa wagonjwa mahututi. Mrija ndio ncha ya mwisho ya mnyororo huo, wala si mahali pa kuanzia.

Lakini tuseme yote hayo yamepatikana kesho asubuhi. Bado ningeuliza: vali hiyo ni ya nani? Wagonjwa wa zile tafiti za 2019 walikuwa na wastani wa miaka 73 na 74. Vali zao zilikuwa zimejaa chokaa ya uzee, na fremu hujishikilia kwenye chokaa hiyo. Wagonjwa wetu wa vali ni watu wengine kabisa. Kati ya 2010 na 2012, mradi uliojulikana kama REMEDY uliwasajili wagonjwa 3,343 wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemeni. Umri wa kati ulikuwa miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Ndani ya miaka miwili, mmoja katika kila sita alikuwa amekufa.

Miaka 28. Huyo ni mama mwenye mtoto mgongoni, au kijana aliyemaliza kidato cha nne akawa anaendesha bodaboda. Ugonjwa wake ulianza utotoni kwa koo kuuma, mafindofindo ambayo hakuna aliyeyajali. Mwili ukapigana na vijidudu vya koo na katika kupigana ukazishambulia vali zake mwenyewe. Vali inayoharibika zaidi kwa watu hawa ni ile ya mitrali, iliyo upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, na si ya aota peke yake. Majani yake yanashikana na kukakamaa, mara nyingi bila chokaa ya kutosha kuibana fremu. Vali ya mrija imetengenezwa kwa utando laini wa mnyama, na utando huo huchakaa upesi zaidi kwenye mwili wa kijana kuliko wa mzee. Kule Cape Town, Peter Zilla na wenzake wamekuwa wakiunda vali ya mrija kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii hasa, na nawaombea wafanikiwe. Kilichopo sokoni leo kilibuniwa kwa wazee wa Ulaya na Marekani.

Na kama ni mrija tunaoutaka, upo mwingine unaotufaa zaidi na haupigiwi tarumbeta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kanji Inoue wa Japani alibuni puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja na kuitanua vali ya mitrali iliyoshikana. Halimwachii mgonjwa chuma chochote mwilini. Kwa mwanamke kijana ambaye vali yake haijakakamaa sana, puto hilo linaweza kumpa miaka mingi bila vali ya bandia. Sijawahi kusikia mwanasiasa akiliahidi.

Nitaambiwa kwamba uangalizi wa baada ya tiba hauwezekani mashambani, kwa hiyo tuchukue tiba tu na tumwachie Mungu mengine. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu lilishakanushwa hapa hapa kwetu. Desemba 2008, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, wafamasia walianzisha kliniki ya wagonjwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mtu mwenye vali ya chuma, ile inayoshonwa kwa upasuaji, anaihitaji maisha yake yote. Ikizidi anavuja damu, ikipungua damu inaganda kwenye vali na kumletea kiharusi. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hata kwa wagonjwa wa moyo wa baridi yabisi wenye mapigo yaliyovurugika, dawa za kundi hili la zamani bado zinaishinda rivaroksabani mpya. Matokeo ya kliniki ya Eldoret yalichapishwa mwaka 2011: wagonjwa 178, na kwa karibu asilimia 65 ya muda damu yao ilikuwa katika kiwango kinachotakiwa. Hicho ni kiwango ambacho kliniki za nchi tajiri hujivunia. Linganisha na REMEDY, ambako kati ya waliopewa dawa hizo ni asilimia 28 tu waliokutwa katika kiwango.

Siri ya kliniki ya Eldoret haikuwa mtambo wa mamilioni. Mgonjwa anatobolewa kidole, tone linawekwa kwenye kikaratasi cha mashine ya mkononi, jibu linatoka papo hapo. Kisha mfamasia anahoji. Umemeza kila siku? Kuna dawa umenunua kemisti? Maana Septrin peke yake yaweza kumfanya mtu wa warfarini avuje damu, na diklofenaki ya maumivu ya mgongo vivyo hivyo. Umekula mboga gani? Mvua zikianza, managu, sagaa na kunde hujaa kila shamba, nazo zina vitamini K inayoipunguza nguvu dawa. Mgonjwa hakatazwi mboga; anaambiwa ale kiasi kile kile wiki zote, na dozi inapangwa kufuata chakula chake. Kwa msichana, mfamasia anauliza pia kuhusu mimba, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama. Mazungumzo kama hayo, yakirudiwa kila mwezi na mtu yule yule, ndiyo yanayoamua kama vali itaishi. Wenye vali ya mrija kwa kawaida hupewa aspirini tu, lakini mazungumzo wanayahitaji sawasawa: homa, kuzimia, meno, kupumua kwa shida.

Hatua ya kabla ya vali nayo imeshajaribiwa jirani. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokutwa kwa eko na dalili za mwanzo kabisa za moyo wa baridi yabisi waligawanywa: wengine wakadungwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne, wengine hawakudungwa. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa, na kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa. Sindano hiyo ni ya bei ya chini sana, na muuguzi wa zahanati anaijua tangu chuoni.

Kuna mwenye hasira atakayesema nawatakia watu wa kijijini dawa za kimaskini huku wa Nairobi wakipata teknolojia. Namjibu kwamba mkulima wa Soy hanunui trekta kabla ya kuuliza spea zinapatikana wapi na fundi ni nani, na hakuna anayemwita mtu wa kurudi nyuma kwa kuuliza hivyo. Mwingine atasema tuanze na mtambo, mengine yatafuata. Ugatuzi umetufundisha kinyume chake. Tumeona vifaa vikizinduliwa kwa utepe na hotuba, kisha vikakaa na vumbi kwa kukosa mtu wa kuviendesha. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, na wapo vijijini mwetu wakiwa na mikoba yao ya vipimo vya presha na sukari. Katika Soy, hao ndio walio karibu zaidi na mtu mwenye vali. Wafundishwe maswali manne: nani kijijini ana vali ya kuwekwa, nani ana homa isiyoisha, nani amezimia, mtoto gani anaumwa koo na viungo. Kaunti inunue zile mashine za tone la damu kwa hospitali ndogo, na ihakikishe penisilini haikosekani wala mashine ya umeme wa moyo haikai bila karatasi. Haya yanaweza kuingia kwenye bajeti ya mwaka mmoja.

Na kwa familia ambayo sasa hivi imepanga harambee: msiifute. Lakini kabla ya kutuma pesa popote, mtu mmoja aingie na mgonjwa kwa daktari akiwa na daftari. Aulize vali iliyoharibika ni ipi na imeharibiwa na nini. Aulize kama puto au kushonwa vinaweza kufaa badala ya vali mpya. Kama ni vali ya mrija, aulize ni aina gani, wagonjwa wangapi wa daktari huyo walihitaji betri ya moyo, na betri ikihitajika usiku itawekwa wapi, na nani, kwa pesa zipi. Aulize mgonjwa atakaa karibu na hospitali siku ngapi kabla ya kurudi Soy. Aandikiwe nambari ya simu inayopokelewa. Na katika bajeti ya harambee, chini ya nauli na gharama ya hospitali, uandikwe mstari wa kliniki za miaka miwili ya kwanza.

Daktari mzuri hatakasirika kwa maswali hayo. Akikasirika, tafuteni mwingine.